Kirangozi, Gidi na Mfuata Nyayo: Majina ya Kazi za Utalii Kwetu

Kijana wa Mulenge au Uvira anayetafuta kazi ya utalii hukutana kwanza na majina: gidi, pisteri, resepsionisti. Yote ya Kifaransa. Wenzangu husema Kiswahili hakina ya kwake. Historia ya ziwa letu inawapinga.

Msafara uliowaleta Burton na Speke Ziwa Tanganyika mwaka 1858, hata wakafika Uvira, ulikuwa na majina kamili ya kazi. Aliyetangulia na bendera aliitwa kirangozi, aliyebeba mizigo mpagazi, mlinzi askari. Mpagazi angali anaajiriwa Kilimanjaro kwa jina hilohilo. Kirangozi ndiye aliyepotea: umbo lililobaki, kiongozi, limechukuliwa na siasa. Ndiyo maana Tanzania wakaunda mwongoza watalii.

Tutazame muundo wake. Kitenzi kinabaki na -a mwishoni, kisha kinachukua yambwa bila kiunganishi, kama katika mpiga picha. Mwongozaji, kwa -aji, peke yake hatoshi, maana anaweza kuwa wa filamu. (Mtalii naye ana ukoo wa Kiarabu mmoja na mutalaa, yaani kusoma. Napenda kufikiri kwamba anayemwongoza ni mwalimu.)

Kwa muundo huohuo, pisteri ni mfuata nyayo. Hapa suala si la kamusi tu. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, Batwa walifukuzwa msituni, na baadhi yao wakaajiriwa kutafuta gorila, kwa kuwa ndio waliojua kusoma mabua yaliyovunjika, mavi na malalo ya usiku. Tangazo la kazi likiandikwa kwa Kifaransa pekee, mwenye ujuzi huo hajitambui ndani yake. Na mahojiano hupima ulimi, hayapimi macho.

Kuna jambo la pili. Kwetu mtu husema "niko gidi". Ng'ambo, Kigoma, niko hueleza mahali ulipo, na ni hueleza ulivyo. Mwajiri wa huko atasikia kosa. Lakini -ko yetu ina kanuni yake, nasi hatuikosei. Mimi ningemfundisha mwombaji kazi kanuni zote mbili, kila moja na mahali pake, kabla hajavuka ziwa.

Orodha ya majina haya naona ianzie kwa wafuata nyayo wenyewe: tuwaulize wanaitanaje wakiwa msituni, kisha ndipo tufungue kamusi.