Mtambo Unaojua Kazi Moja: Somo Fupi Kuhusu Kuchimba Bitcoin

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike somo la sayansi kwa lugha yetu ya Kiswahili, nami bila kusita nikachagua jambo ambalo limenishika akili tangu likizo ya Agosti, yaani mitambo ya kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Bitcoin. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye ameanza mambo ya kamari!" Hebu subirini kwanza. Ndani ya mitambo hii mna fizikia na hisabati zile zile tunazosoma darasani. Isitoshe, muhula uliopita baadhi ya wenzetu walitoa pesa zao za matumizi wakampa mtu fulani wa mjini aliyewauzia "hisa" za mtambo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Asiyejua mtambo unavyofanya kazi ni rahisi sana kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na neno lenyewe. "Kuchimba" linapotosha kidogo, kwa maana hapa hakuna jembe, sururu wala shimo. Bitcoin ni daftari la hesabu. Maelezo yake yalichapishwa Oktoba 2008 na mtu, au pengine kikundi cha watu, kwa jina la Satoshi Nakamoto, na ukurasa wa kwanza wa daftari ukaandikwa tarehe 3 Januari 2009. Nakala za daftari hilo zimo katika maelfu ya tarakilishi duniani, na hakuna benki inayolisimamia. Kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya huongezwa. Sasa swali ni hili: ikiwa hakuna karani mkuu, nani ataruhusiwa kuandika ukurasa huo? Jibu ni kwamba hufanywa shindano la kubahatisha, na mshindi ndiye anayeandika. Hupewa zawadi pia. Mwanzoni zawadi ilikuwa bitcoin 50, ikapungua kuwa 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, na tangu Aprili 2024 ni 3.125.

Shindano lenyewe liko hivi. Kuna kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, iliyotolewa na serikali ya Marekani mwaka 2001. Ichukulie kama kinu. Tia humo maneno yoyote, hata insha nzima ya mwalimu, na utapata tarakimu 64 za msingi wa kumi na sita. Ukibadilisha koma moja tu katika insha hiyo, tarakimu zote zinavurugika na huwezi kukisia zitakavyokuwa. Mchimbaji huchukua ukurasa wake, anauongezea namba fulani, anautia katika kinu mara mbili, kisha anatazama ikiwa jibu limeanza kwa sufuri nyingi za kutosha. Siku hizi zinatakiwa kama sufuri 19 hivi mwanzoni. Hazikutokea? Anabadilisha namba na kujaribu tena. Hakuna ujanja wala njia ya mkato. Jaribio moja huitwa hashi.

Na hapa pana jambo ambalo mimi huliona zuri kuliko yote. Wachimbaji wakiongezeka, kurasa haziandikwi haraka zaidi kwa muda mrefu. Kila baada ya kurasa 2,016, yaani wiki mbili hivi, daftari lenyewe hupima mwendo na kuufanya mtihani uwe mgumu zaidi au rahisi zaidi, ili zile dakika kumi zirudi. Kwa hiyo mtambo uleule, bila kuharibika hata nati moja, hupata kidogo zaidi kila jirani anaponunua wake. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Sasa tuingie kwenye mitambo. Tarakilishi ya kawaida ni kama kisu cha jikoni. Kinakata nyanya, kinamenya viazi, na ukilazimisha kitafungua mkebe. Lakini hebu jaribu kukuna nazi kwa kisu! Utakesha. Ndiyo maana watu wa Pwani wana mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi hawezi kukata kitunguu, ila kwa nazi hana mshindani. Mtambo wa kuchimba ni mbuzi wa namna hiyo. Chipu zake zimechongwa zifanye hashi za SHA-256 tu basi. Hauwezi kuandika barua, hauwezi kuonyesha sinema. Waingereza wana jina refu la chipu za aina hii ambalo hufupishwa ASIC, nami nitaziita asiki.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 2009 tarakilishi ya mezani ilitosha. Mwaka 2010 watu waligundua kwamba kadi za picha, zile za michezo ya video, hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi. Miongoni mwa waliotangulia alikuwa Laszlo Hanyecz wa Florida, yuleyule aliyetoa bitcoin 10,000 kwa piza mbili Mei 2010. Kisha Januari 2013 asiki za kwanza zilizouzwa kwa umma, kwa jina Avalon kutoka China, zikaanza kuwafikia wateja. Mwaka huohuo kikatokea kijitambo cha Block Erupter, kidogo kama flashi, cha kuchomeka kwenye tarakilishi, chenye chipu moja ya hashi milioni 333 hivi kwa sekunde. Walionunua mapema walilipa karibu bitcoin 2 kwa kimoja. Hakikuweza kuzirudisha kamwe, kwa sababu ya ule mtihani unaozidi kuwa mgumu. Leo wapenzi huvihifadhi kama wakusanyaji wa stempu wanavyohifadhi stempu, na mimi ningefurahi kukipata hata kilichokufa.

Wanaosoma fizikia watapenda kipimo cha nishati. Antminer S1 ya mwaka 2013 ilifanya hashi bilioni 180 kwa sekunde kwa wati 360. Gawanya, utapata jouli 2,000 kwa kila hashi trilioni, yaani terahashi. S9 ya mwaka 2016 ilihitaji jouli 100 hivi kwa kazi ileile. S21, iliyotangazwa mwaka 2023, ina terahashi 200 kwa sekunde na hula wati 3,500, sawa na jouli 17.5. Miaka kumi, na nishati inayohitajika imepungua zaidi ya mara mia moja! Chipu zenyewe hubadilisha karibu umeme wote kuwa joto, na ndiyo maana mitambo hii ina feni zinazonguruma kama kisiagi cha posho. Ulaya na Marekani wapo wanaoitumia S9 kuukuu kupasha nyumba joto wakati wa baridi.

Tahadhari kwa mwenye ndoto ya kuweka S21 chumbani. Stima yetu ni volti 240. Wati 3,500 gawanya kwa 240 ni ampia 14.6, na plagi tunazotumia zina fyuzi ya ampia 13 kwa uzidi. Ukilazimisha kwa waya wa kuongezea, usiku huo huenda mkaamshwa na moshi. S9 inapita kwa kuwa haifiki ampia 6, lakini kelele yake itakufukuzisha bwenini.

Basi mtu wa kawaida, mwenye hamu tu ya kujifunza, afanye nini? Hapo ndipo ilipoingia Bitaxe. Ni ubao mdogo unaoenea kiganjani, wenye chipu moja ya asiki ya aina ileile inayotiwa katika mitambo mikubwa, feni moja, na kijitarakilishi cha ESP32 cha kuuongoza. Michoro yake imewekwa wazi, na yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kujitengenezea. Zile za karibuni hufanya terahashi 1 na ushei kwa wati 18 hivi. Haina kelele. Unaiunganisha na mtandao wa wai-fai, unafungua ukurasa wake wa mipangilio, unaandika anwani yako ya bitcoin, na kazi inaanza. Angalieni tu kwamba wati 18 kwa volti 5 ni ampia 3.6, hivyo chaja ya simu ya kawaida haitaiweza. Wapenzi wa mambo haya hushinda wakipunguza volti, wakiongeza kasi, wakibadilisha feni, huku jicho liko kwenye halijoto.

Je, inaleta pesa? Twende kwa hesabu. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao mzima wa Bitcoin ilifika terahashi bilioni moja hivi kwa sekunde. Wewe una moja. Kwa hiyo kwa kila ukurasa nafasi yako ya kushinda ni moja kwa bilioni. Kwa mwaka kuna kurasa 52,560. Gawanya bilioni kwa idadi hiyo, utapata miaka 19,000 hivi ya kungoja. Na hata hiyo ni wastani tu. Bahati haina kumbukumbu, na aliyengoja miaka hiyo yote bado angekuwa na nafasi kama 37 kwa mia ya kuwa hajapata kitu. Hata hivyo Julai 2024 mashine ndogo ya aina hii ilipata ukurasa peke yake, na mwenyewe akazawadiwa zaidi ya bitcoin 3. Habari hiyo ni ya kweli, na nadhani ndiyo iliyowauza wengi.

Asiyetaka kungoja hujiunga na wenzake katika kundi, kama chama cha akina mama kijijini. Wanaunganisha nguvu, na zawadi inagawanywa kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Makundi haya yapo tangu 2010. Kwa siku hutolewa bitcoin 450, yaani kurasa 144 mara 3.125. Fungu la terahashi moja ni bitcoin 0.00000045. Tuchukulie bitcoin moja ni dola 100,000 na dola ni shilingi 129. Utapata karibu shilingi 6 kwa siku. Umeme nao? Wati 18 kwa saa 24 ni uniti 0.43, na tukichukulie uniti ni shilingi 25, hiyo ni kama shilingi 11. Unapoteza shilingi 5 kila siku! S21 ingeingiza shilingi 1,160 na kula umeme wa shilingi 2,100. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo fanyeni hesabu hii upya kwa bei za siku mtakayosoma.

Ndipo nawauliza wenzangu: yule mtu wa mjini aliyewaahidi faida maradufu kwa mwezi alikuwa ananunua umeme wapi? Hata wenye viwanda wamewahi kuumiza watu. Huko Marekani kampuni ya Butterfly Labs ilipokea malipo ya mitambo mapema, ikawasilisha kwa kuchelewa mno au isiwasilishe kabisa, hadi Septemba 2014 tume ya serikali ya kuwalinda wateja ilipoipeleka mahakamani. Kwa mtambo wa kuchimba, kuchelewa miezi sita ni kama kuletewa maziwa yaliyoganda. Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji wa hisa ni: mtambo ni wa aina gani, una terahashi ngapi, na uniti ya umeme inakugharimu shilingi ngapi? Akijibu kwa picha za magari ya kifahari, funga mfuko wako.

Wanaofaulu ni wenye umeme ambao vinginevyo ungepotea bure. Humu nchini, tangu 2022, kampuni ya Gridless imekuwa ikiweka mitambo karibu na vituo vidogo vya umeme wa maji mashambani. Mto hautulii usiku wanakijiji wanapolala, na umeme ule usiotumika ndio unaochimba. Kituo kinapata mteja wa kudumu, na wanakijiji wanapata stima. Hilo naliona la busara kuliko S21 mia moja mjini.

Binamu yangu, ambaye ni fundi wa simu, amenipa ubao mmoja wa S9 iliyokufa, wenye chipu 63 zilizopangwa safu kwa safu. Mwalimu wetu wa fizikia ameniruhusu niulete maabara. Nimependekeza pia chama cha sayansi kinunue Bitaxe moja kwa pesa za chama, bila mwanafunzi yeyote kuchangia mfukoni, na gharama yake iandikwe katika daftari kama ya kifaa cha maabara. Bei yake ni kama ya simu ya wastani. Mweka hazina amekataa mara moja, na ana sababu zake. Mkutano wa kuamua utakuwa Ijumaa ya wiki ya pili ya muhula ujao, saa kumi alasiri, maabara ya fizikia. Ubao wa S9 utakuwa mezani pamoja na bisibisi, na chipu tatu za pembeni nimekwisha kuzitoa vipoza joto ili kila mtu azione.