Mtaji wa Biashara Ndogo Bila ya Kugusa Mikarafuu

Ndugu Wanachama,

Baada ya mkutano uliopita alinijia mwanachama mmoja kijana. Anataka kujenga tanuri la kuoka boflo kijijini kwake, na hesabu yake imefika shilingi 720,000. Dhamana ya kupeleka benki hana. Amekwisha pata mtu wa kuikodi mikarafuu yake kumi kwa misimu mitatu, fedha taslimu. Akaniuliza, "Bwana Katibu, nikubali?" Nilimwomba angoje, na somo hili ndilo jawabu yangu.

Jambo hili si geni visiwani kwetu. Madeni yaliwatoa wakulima wengi katika mashamba yao, hata mwaka 1934 ikabidi Serikali itunge sheria ya kuzuia mashamba yasizidi kuwatoka. Na mkarafuu, kama tujuavyo, hauzai sawa kila mwaka. Aliyekwisha kukodisha, ukija mwaka wa neema huwatazama wengine wakichuma.

Basi mtaji utoke wapi?

Kwanza, mfukoni mwako. Kijana wetu ameweka 300,000 za msimu uliopita. Fedha hizi ndizo bora, kwani hapana mtu wa kuja kuzidai.

Pili, upatu. Watu 12 wakitoa 20,000 kila mwezi, mmoja wao hupokea 240,000. Anayepokea mwanzo ni kama aliyekopeshwa bila ya riba. Anayepokea mwisho ni kama aliyeweka akiba. Lakini aliyepokea ajue kuwa bado ana 20,000 za kutoa kila mwezi, boflo ziuzike zisiuzike. Akiacha, amewavunja wenziwe wote. Kwa hivyo chezeni na mnaojuana, na zamu ziandikwe kabla ya kuanza.

Tatu, ushirika. Zilizosalia ni 180,000, yaani robo ya mtaji. Atafute mtu mmoja mwaminifu azitie. Faida watagawana kwa mafungu waliyopatana tangu mwanzo. Hasara huenda kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Zikipotea 80,000, mshirika atabeba 20,000 na kijana 60,000. Mshirika hadai kila mwezi kama mkopeshaji, ila ana haki ya kuona daftari.

Nne, karadha ya jamaa, asipopatikana mshirika. Hurudishwa kama ilivyotolewa, bila ya nyongeza. Hii nayo iandikwe, pamoja na siku ya kulipa na majina ya mashahidi. Watu huona haya kumwandikisha ndugu, na hali Sura ya Al-Baqara imeamrisha deni liandikwe. Ndugu wangapi hawasalimiani leo kwa deni lisilokuwa na karatasi!

Jumlisha sasa: 300,000 na 240,000 na 180,000 ni 720,000 kamili. Tanuri limesimama, na mikarafuu yote kumi ingali yake.

Sikatai kuwa njia hii ni ya polepole. Huenda zamu yake ya upatu ikawa ya mwezi wa nane, na wa kumkodi yuko mlangoni leo na fedha mkononi. Lakini miezi minane ya kungoja ni myepesi kuliko misimu mitatu ya kutazama.

Atakaye kuandikiwa hati ya ushirika au ya deni, na aje ofisini pamoja na mashahidi wake. Hatatozwa kitu.

Wassalaam,
Katibu wenu