Igeuze Kabla Hujamtazama Mchezaji

Ukiuziwa picha ya zamani ya besiboli, igeuze kwanza. Mbele yupo Babe Ruth na gongo lake, na sura yake humpofusha mnunuzi. Nyuma ndiko kuna mihuri, tarehe, maandishi ya penseli na vijikaratasi vya maelezo vilivyobandikwa na magazeti. Bei huanzia huko.

Niliwahi kuletewa picha ya Ruth akiwa na jezi ya Yankees, timu aliyoichezea kuanzia 1920 hadi 1934. Muuzaji aliapa kwamba ni ya zama hizo. Nyuma kulikuwa na muhuri wa UPI, shirika la habari lililoanza 1958, miaka 10 baada ya Ruth kufariki. Muhuri peke yake haukumaliza shauri, kwani magazeti ya Marekani yaliweza kuitoa picha kuukuu kabatini, kuitumia tena na kuigonga muhuri mwingine. Tukafunga mapazia, nikaimulika kwa taa ya urujuanimno. Karatasi ikawaka weupe wa kibuluu, kama shati lililosuuzwa kwa bluu ya kufulia. Kemikali zinazoleta mng'ao huo zilianza kutiwa kwenye karatasi za picha karibu na miaka ya 1950. Sura ilikuwa ya kale, karatasi ya juzi. Ila isipowaka usishangilie mapema: zipo karatasi za baadaye zisizo na kemikali hiyo.

Pesa yote imo katika tofauti hiyo. Wakusanyaji wa Marekani huzigawa picha katika aina nne. Aina ya kwanza imesafishwa kutoka negativu halisi, ndani ya takriban miaka miwili tangu picha ipigwe. Ya pili imetoka kwenye negativu ileile, ila kwa kuchelewa. Ya tatu imetoka kwenye nakala ya negativu, au imepokewa kwa waya, ndani ya miaka hiyo miwili. Ya nne ni nakala ya baadaye. Charles Conlon, msahihishaji wa chapa katika gazeti la New York aliyegeuka mpiga picha, alimnasa mchezaji Ty Cobb akiteleza kuingia kituo cha tatu, vumbi likitimka, karibu na 1910. Sura hiyo imerudiwa tena na tena. Anayeilipia bei ya aina ya kwanza bila kuichunguza karatasi amenunua jina tu.

Mihuri ina faida nyingine. Muhuri wa shirika la picha za habari la ACME Newspictures unaelekeza kati ya 1923 na 1952. Anwani yenye namba ya posta ya tarakimu tano haikuandikwa kabla ya 1963.

Kisha shika kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa mistari, hiyo imekatwa kwenye gazeti au kitabu. Picha halisi haina vitone hivyo. Zile za karne ya 19 mara nyingi ni za karatasi iliyopakwa ute wa yai: nyembamba, zimegandishwa kwenye kadi ngumu, rangi yake ya kahawia au zambarau, na nyuzi za karatasi huonekana chini ya kioo. Zilizofuata, za jelatini na fedha, zikizeeka huota mng'ao wa kifedha kwenye sehemu nyeusi. Uinamishe mwanga utauona. Mimi huufurahia mng'ao huo, maana si rahisi kuughushi.

Ukishajua aina, bei hufuata mchezaji, mpiga picha, ukali wa sura na hali ya karatasi. Kingo zilizokatwa hushusha thamani. Alama za mhariri mgongoni hazinisumbui, lakini rangi aliyoipaka usoni mwa mchezaji huniumiza. Linganisha na bei zilizolipwa kweli minadani kwa sura ileile na aina ileile, si bei anazotaja muuzaji. Na usiifute picha kwa kitambaa chenye maji wala kubandika selotepu penye mpasuko: maandishi ya penseli unayoyafuta huenda ndiyo tarehe pekee iliyobaki.