Mfumo Ukijifanya Umetulia

Programu nyingi za kuiga mifumo husimama kasi ya mabadiliko ikishuka chini ya kikomo fulani, kisha zikatangaza kwamba mfumo umefika kwenye msawazo. Usiziamini upesi. Iko mifumo inayokawia mahali pasipo na msawazo wowote, halafu ikaondoka ghafla.

Kabla ya kuipa programu yako data za samaki ziwani au za neva, ijaribu kwa mlinganyo ambao jibu lake linajulikana: kasi ya x ni r jumlisha mraba wa x. Ukiweka r kuwa 0.0001, kasi haifiki sifuri kamwe, kwa hiyo msawazo haupo. Anzia x = -10. Kwa kikomo cha kasi cha 0.001, programu itasimama muda ukiwa 32 hivi na kudai kazi imekwisha. Iache iendelee. Mfumo utajikokota kwa muda wa 250 zaidi, kisha x itapaa, na safari nzima hadi 10 itachukua takriban 314. Hiyo ni pai iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha r. Ikikujia nambari nyingine, rekebisha programu kwanza.

Kwenye Python, solve_ivp ya SciPy inatosha. Ila kaza rtol: 0.001 inayokuja nayo ni legevu mno, weka 1e-8. Tumia events kurekodi kasi inapovuka kikomo, ikishuka na ikipanda, bila kusimamisha hesabu. Kisha chora kasi dhidi ya muda kwa skeli ya logi. Penye msawazo thabiti mstari huteremka tu. Penye ukawiaji hufanya bonde.

Vigeu vikiwa vingi, kusubiri hakutoshi. Anzia pale mfumo ulipopunguza mwendo, utafute mahali nusu ya mraba wa kasi ni ndogo kabisa, mbinu ambayo Sussillo na Barak waliitumia mwaka 2013 kwa mitandao ya neva. Thamani hiyo ikigoma kufika sifuri hata ukibadilisha vianzio (na ubadilishe vingi, maana utafutaji huu hunasa ovyo), huenda hapo pana kivuli cha msawazo tu. Ikifika sifuri, kokotoa thamani za aigeni za matriki ya Jacobi: hata moja ikiwa na sehemu halisi chanya, mfumo hautakaa hapo.

Ripoti inayosema "umetulia" bila kutaja kasi ya chini kabisa na muda uliosubiriwa, irudishe kwa mwenyewe.