Mkate wa Shayiri Uliobingirika

JUMANNE

Soma Waamuzi 6:11–16. Malaika alimkuta Gideoni akifanya nini, naye alimwitaje?

Ngano ilipurwa mahali pa wazi, penye upepo wa kupeperusha makapi. Gideoni aliipura ndani ya shinikizo la kukamulia zabibu, ili Wamidiani wasiione. Hapo mafichoni, katikati ya vumbi na makapi, anaitwa shujaa! Jibu lake linafahamika kwa kijana yeyote aliyemaliza masomo na hajui aanzie wapi: jamaa yake ni maskini, naye ndiye mdogo nyumbani kwa baba yake.

Soma Waamuzi 6:36–40. Je, Gideoni aliomba kujua jambo ambalo alikuwa hajaambiwa?

La. Katika ombi lake mwenyewe anakiri mara mbili kwamba Mungu alikwisha kusema. Hata hivyo anatandika ngozi ya kondoo. Asubuhi anakamua bakuli zima la maji, kisha anaomba ishara hiyohiyo igeuzwe kinyume. Hakukosa habari, alikosa utulivu. Na wakati huo Wamidiani walikuwa wamekwisha kupiga kambi bondeni (fungu la 33).

Ndivyo tunavyofanya tunapowaza kupita kiasi. Kijana anaandika barua ya kuomba kazi, anaifuta, anawauliza rafiki watano, na siku ya mwisho inapita angali anachagua kati ya “Ndugu” na “Mheshimiwa.” Mwingine anampenda binti wa kanisani. Miaka miwili anaomba ishara. Siku anayopata ujasiri, anakabidhiwa kadi ya mchango wa harusi ya binti huyo. Tunacheka, lakini hasara ni ya kweli.

Angalia pia upole wa Mungu. Hakumkemea Gideoni, alimjibu mara zote mbili.

Soma Waamuzi 7:9–15. Mungu alimsaidiaje Gideoni alipoogopa tena?

Jeshi lilikuwa limepunguzwa kutoka watu 32,000 hadi 300. Mungu alijua hofu yake, akamwambia ashuke kambini pamoja na Pura, mtumishi wake. Hakuachwa awaze peke yake gizani.

Huko wakamsikia askari akisimulia ndoto: mkate wa shayiri ulibingirika hadi kambini, ukaligonga hema, likaanguka. Shayiri ilikuwa nafaka ya bei nafuu kuliko unga mzuri wa ngano (2 Wafalme 7:1). Basi yule aliyejiita mdogo alisikia mwenzake askari akisema kwamba mkate ule ni upanga wa Gideoni! Mungu hakumwambia kwamba yeye ni mkubwa. Alimwonyesha kwamba hata mkate wa maskini, ukisukumwa na mkono Wake, huangusha hema.

Gideoni hakuomba ishara nyingine. Alisujudu, akarudi, akawaamsha watu usiku uleule.

Kupanga si kosa; Yesu mwenyewe alifundisha kuhesabu gharama (Luka 14:28). Lakini mpango huishia katika hatua, na hofu huishia katika swali jingine. Mara nyingi moyo uliochangamka (Mithali 17:22) hutusaidia kuona udogo wetu bila kuuogopa. Na mawazo yakikunyima usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mengi, mtafute Pura wako: mzazi, mchungaji, au daktari. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

Ni jambo gani ambalo Mungu amekwisha kukuonyesha, lakini bado unatandika ngozi? Ni hatua gani moja unayoweza kuichukua kabla ya Sabato?

Darasa lenu linawezaje kuwa Pura kwa vijana wanaoogopa, likicheka pamoja nao bila kuwacheka?