Jumatatu: Wajane Waliosahauliwa

Soma Matendo 6:1–6. Ni akina nani waliosahauliwa katika huduma ya kila siku, na kanisa lilichukua hatua gani?

Angalia majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Yaelekea mgawo uliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule ule ulionung'unika. (Luka hawaiti mashemasi, ingawa kazi yao ndiyo hiyo.)

Karatu na Ngorongoro husikika Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga na Kihadza, na ibada mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili. Mjane wa Kimaasai aliye kwenye boma la mbali, ambaye wanawe walihamia Msomera, Handeni, mwaka 2022, anaweza kuwa mshiriki miaka mingi bila jina lake kusomwa katika orodha ya wahitaji. Shemasi apangaye viti na kuandaa Meza ya Bwana anatumika vema. Lakini kazi hii ilianza na chakula cha mjane.

Katika kanisa lenu, ni nani asiyeelewa lugha ya matangazo? Ni shemasi yupi awezaye kuzungumza naye nyumbani kwake?