Kauboi Mgane: Mbinu za Kuandika Penzi la Pili

Kauboi amefiwa na mke. Mwanamke mgeni anafika ranchi. Wanagombana, wanapatana, wanaoana. Kwa mpangilio huo unaweza kujaza kurasa 200 na msomaji asidondoshe chozi hata moja. Kosa huwa ni lilelile: mke wa kwanza amefishwa ili nafasi ipatikane tu. Hana tabia, hana utani, hana hata kosa la kusamehewa. Msomaji ambaye hakuliona penzi la kwanza hataamini la pili. Ukitaka kuandika riwaya ya namna hii, anza na haya.

1. Mtoe kauboi kwenye sinema

Sura ya kauboi tuliyoizoea, mchache wa maneno na mwepesi wa bastola, ilipata nguvu kubwa kutokana na riwaya ya Owen Wister, The Virginian, ya mwaka 1902, inayosimulia maisha ya Wyoming. Kauboi wa leo wa Wyoming au Montana bado anavaa pama na kupanda farasi, lakini ana pikapu iliyojaa tope na mkopo benki, tena anafuatilia bei ya ndama kama mkulima wa Mtwara anavyofuatilia mnada wa korosho. Mpe wasiwasi huo. Mfiwa halii tu, madeni nayo yanamngoja.

2. Acha kalenda ya ranchi ibebe majonzi

Kwenye ranchi nyingi za huko ng'ombe huzaa kati ya Februari na Aprili, theluji ikiwa bado ardhini. Mfugaji huamka usiku mara kadhaa, tochi mkononi, kukagua mitamba inayozaa kwa mara ya kwanza. Baridi ikiisha majirani hukusanyika kuwapiga ndama chapa. Julai hukatwa majani ya akiba. Oktoba au Novemba ndama huuzwa, na kwa wengi hapo ndipo fedha ya mwaka mzima inapoingia.

Basi mgane wako asiyepata usingizi ana sababu ya kuwa zizini saa nane za usiku. Siku ya chapa ndiyo siku ya majirani kumwona mgeni na kuanza kunong'ona. Huna haja ya kubuni vituko, kazi yenyewe itakuletea.

3. Jibu swali la "amefiwa lini?"

Msomaji wa Kiswahili amekulia kwenye arobaini na, kwa Waislamu, eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi. Kauboi wako hana kipimo kama hicho. Majirani wataleta vyakula siku za mwanzo, kisha kila mtu atarudi kwa ng'ombe wake. Hakuna wa kumwambia kwamba sasa basi. Hapo ndipo mgogoro ulipo: ajiamulie mwenyewe, awahi mno, aone haya, arudi nyuma. Ukimweka mama wa marehemu maili chache kutoka hapo, mgogoro utajiendesha.

4. Mpe marehemu kitu kinachoshikika

Usiandike "alimkumbuka sana." Tafuta kitu. Wafugaji wengi hutembea na kijidaftari cha kuandikia ndama: namba ya hereni ya mama, tarehe, jike au dume. Tuseme mke ndiye aliyekuwa akikijaza. Mwandiko wake mdogo, ulioinama, unaishia Machi 11. Mstari unaofuata ni herufi kubwa za mumewe. Kisha, majira mengine ya kuzaa, mwandiko wa mtu wa tatu unatokea ukurasani. Hiyo ni sura nzima, na neno "huzuni" halijatajwa.

5. Mgeni asije kama dawa

Mwanamke aliyeletwa kumtibu kauboi ni kiti, si mhusika. Awe daktari wa mifugo au fundi wa kwato, mwenye ratiba yake, hasira zake na sababu zake za kuogopa kubaki.

6. Tafuta tukio moja la kubeba yote

Ng'ombe akifiwa na ndama, na kuna ndama yatima zizini, wafugaji wana ujanja wa miaka mingi. Ndama mfu huchunwa, ngozi yake hufungwa mgongoni mwa yatima. Ng'ombe hunusa, husita, hupiga teke, hunusa tena. Harufu ya mwanawe ikimridhisha, humwacha mgeni anyonye. Baada ya siku chache ngozi huvuliwa, na ndama amekuwa wake.

Waweke wapenzi wako kwenye kazi hii, mikono imelowa damu, pumzi zikitoka kama moshi kwa baridi. Asiwepo hata mmoja wa kusema, "Ni kama sisi." Ukilifafanua, umeliua.

7. Funga bila kufuta

Msomaji wa riwaya hizi anataka kuwaacha wawili wakiwa hai na wakiwa pamoja. Mpe hilo. Harusi si lazima, wala picha ya marehemu haina haja ya kushushwa ukutani.

Na kabla hujagusa sura ya kwanza, andika ukurasa mmoja wa siku ya kawaida mke wa kwanza akiwa hai: chai, ugomvi mdogo wa lango lililoachwa wazi, kicheko. Ukurasa huo huenda usiingie kitabuni. Lakini ukiumaliza na wewe mwenyewe hukusikitika kwamba atakufa, usiendelee. Uandike tena.